Jicho Halina Spea

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Sisi hatukusudii kubishana na wahenga, kwa kuwa walilolisema ni kweli: hakuna binadamu ajuaye siku wala saa ya kupatwa na msiba. Lakini twaona kwamba usemi huo umefanywa mto wa kulalia uvivu. Dereva asiyefunga mkanda hujitetea kwa usemi huo. Mwenye gari asiyetaka kutoa fedha za kubadili kioo kilichopasuka hujitetea kwa usemi huo. Fundi afungaye kifaa kibovu, naye vivyo hivyo. Wote hao husahau kwamba wahenga hao hao ndio walionena: tahadhari kabla ya hatari.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wawe madereva, utingo, makuli, makarani, waalimu au wakulima wasafirio kwenda mnadani, juu ya jambo moja ambalo halipewi nafasi katika habari za ajali. Jambo lenyewe ni macho.

Kila gari lipindukapo, habari huandikwa kwa hesabu: waliokufa kadha, majeruhi kadha. Ripoti ya Shirika la Afya Ulimwenguni iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021, na kwamba vifo zaidi ya tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambamo sisi tumo. Hesabu hiyo ni ya kutisha. Lakini hao ni waliokufa. Walio hai, wenye kuandikwa kwa neno moja la "majeruhi", hesabu yao ni kubwa mara nyingi zaidi, na neno hilo huficha mengi. Mtu aliyevunjika mguu ni majeruhi. Mfupa huunga, na baada ya miezi kadha akatembea. Mtu aliyetobolewa jicho naye huandikwa majeruhi katika mstari ule ule, ila yeye hataamka tena na jicho hilo siku zote za uhai wake. Gurudumu likipasuka, lipo la akiba. Taa ikivunjika, Gerezani ipo nyingine. Jicho halina spea.

Yatupasa basi tuulize: jicho hilo limetobolewa na nini? Kujibu kwamba limetobolewa na ajali si kujibu. Ajali haina ncha wala makali. Kilichotoboa ni kitu cha gari chenye jina lake: kitovu cha usukani, kipande cha kioo, chuma cha kiti, kopo la mfuko wa hewa. Kila kimoja kati ya hivyo kilichorwa na mtu mezani, kikatengenezwa na mtu kiwandani, kikafungwa na mtu mwenye spana mkononi. Na kilichotengenezwa na mtu chaweza kurekebishwa na mtu. Hiyo ndiyo hoja yetu ya leo, nasi tutaitolea mifano mitatu.

Kitovu cha usukani

Mfano wa kwanza watoka Marekani. Mwaka 1954, mwaka ule ule ambao TANU ilizaliwa Dar es Salaam, mwimbaji kijana mwenye asili ya Afrika, Sammy Davis Jr., alikuwa ameanza kupata sifa kubwa katika nchi ambayo mtu mweusi aliruhusiwa kuwaburudisha watu katika hoteli nyingi lakini hakuruhusiwa kulala humo. Tarehe 19 Novemba alikuwa akiendesha gari lake aina ya Cadillac kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles kurekodi wimbo. Alipofika karibu na mji wa San Bernardino gari hilo liligongana na jingine. Davis alirushwa mbele, na uso wake ukaangukia usukani.

Magari ya namna ile yalikuwa na pambo katikati ya usukani. Kitovu cha honi kilichomoza nje, kimechongoka mfano wa risasi, kikielekea kifua na uso wa dereva. Kitovu hicho ndicho kilichoharibu jicho lake la kushoto, na madaktari hawakuwa na la kufanya ila kuling'oa. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Wazee wetu husema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Davis hakufa moyo. Haukupita muda mrefu akarudi jukwaani, na mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa maelfu walioandamana Washington kudai haki za watu weusi. Twampa heshima yake. Lakini heshima hiyo isitufanye tusahau kuuliza swali la maana: ile ncha katika usukani ilikuwa na kazi gani? Honi haihitaji ncha ili ilie. Ncha ile ilikuwa pambo tu, iliwekwa ili gari lipendeze machoni pa mnunuzi. Kwa pambo hilo mtu akapoteza jicho.

Je, viwanda viliondoa vitu vya namna hiyo kwa kuona huruma? La. Mwaka 1965 mwanasheria kijana, Ralph Nader, alitoa kitabu kilichoeleza kwa ushahidi jinsi magari ya Marekani yalivyochorwa bila kujali mwili wa binadamu atakayekuwa ndani yake. Kampuni ya General Motors, ambayo ndiyo itengenezayo Cadillac, haikushughulika kwanza na magari. Iliajiri wapelelezi wamfuatefuate Nader ili watafute kasoro katika maisha yake. Mambo yakafichuka, na Machi 1966 mkuu wa kampuni hiyo alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Seneti akaomba radhi. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya usalama wa magari, na kuanzia mwaka 1968 magari mapya ya Marekani yalilazimika kuwa na mikanda, na kuwa na usukani unaobonyea unapogongwa badala ya kumchoma dereva.

Fundisho letu la kwanza ni hilo. Mtengenezaji hutazama faida. Asiposukumwa na sheria, na sheria isiposukumwa na wananchi, ncha hubaki mahali pake.

Kioo cha mbele

Mfano wa pili wawahusu wapenzi wa kandanda. Gordon Banks alikuwa mlinda mlango wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Miaka minne baadaye, huko Mexico, aliupangua mpira wa kichwa uliopigwa na Pelé, na mpaka leo watu huuhesabu uokoaji ule kuwa miongoni mwa mikubwa kupata kuonekana. Mwaka 1972 waandishi wa michezo wa nchi yake walimchagua kuwa mchezaji bora. Siku ya Jumapili, tarehe 22 Oktoba mwaka huo huo, akiendesha gari kurudi nyumbani, aligongana na gari jingine. Vipande vya kioo vikamwingia katika jicho la kulia, na nuru ya jicho hilo ikapotea. Mlinda mlango hupima umbali wa mpira kwa macho mawili. Kwa kipande cha kioo, maisha yake ya kandanda katika ligi ya Uingereza yakakoma.

Hapa yafaa tueleze habari za vioo, maana dereva wengi hudhani kioo ni kioo tu. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kioo kilichochomwa moto mkali kisha kikapozwa ghafula kwa upepo. Kioo hicho ni kigumu, lakini kikivunjika husambaratika chote mara moja kuwa punje ndogo ndogo. Zamani magari mengi ya Ulaya yalikuwa na kioo cha namna hiyo mbele. Gari likigonga, kichwa cha mtu asiyefunga mkanda hupasua kioo na kupita. Punje humrukia usoni, na akirudi nyuma uso wake hukwaruzwa na meno ya kioo yaliyobaki kwenye fremu. Madaktari wa macho waliwajua watu hao kwa kuwatazama tu: paji la uso, kope na mboni vimechanwa pamoja.

Aina ya pili ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikigongwa hupasuka kama utando wa buibui, lakini vipande hung'ang'ania utando, havirukiruki. Asili ya kioo hiki ni bahati. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa katika maabara yake akashangaa kuona imepasuka lakini haikutawanyika, kwa kuwa ndani yake palikuwa na utando wa dawa iliyokauka. Mwaka 1909 akaandikisha uvumbuzi wake. Basi dawa ya msiba wa Banks ilikuwa imejulikana zaidi ya miaka 60 kabla ya msiba wenyewe. Kilichokosekana hakikuwa elimu. Kilichokosekana ni nia ya kulipia kioo bora.

Na mkanda je? Mhandisi wa kampuni ya Volvo, Nils Bohlin wa Sweden, aliubuni mkanda wa bega na kiuno tunaoufahamu leo mwaka 1959. Jimbo la Victoria katika Australia likawa la kwanza duniani kuwalazimisha watu kuufunga, mwaka 1970. Uingereza ilijadiliana kwa miaka mingi, na hatimaye sheria ikaanza kutumika kwa waketio viti vya mbele tarehe 31 Januari 1983. Hospitali za nchi hiyo zilipohesabu wagonjwa wao kabla ya sheria na baada yake, zilikuta kwamba macho yaliyotobolewa katika ajali za magari yamepungua zaidi ya nusu. Hayakupungua kwa sababu ya dawa mpya wala upasuaji mpya. Yalipungua kwa sababu ya utepe wa kitambaa uliofungwa kifuani.

Ndugu wasomaji, wengi wetu huamini kwamba mkanda ni wa kuokoa roho, au wa kumridhisha askari wa barabarani. Ni kweli huokoa roho. Lakini yapasa ijulikane pia kwamba mkanda ni kinga ya macho, maana uso usiofika kwenye kioo hauwezi kuchanwa na kioo.

Mfuko wa hewa

Mfano wa tatu ndio ulio karibu nasi zaidi, na ndio uliotufanya tushike kalamu.

Magari ya siku hizi yana mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya usukani, na mwingine mbele ya abiria. Gari likigonga kwa nguvu, kemikali huwashwa ndani ya kopo dogo la chuma, gesi hutoka, na mfuko hujaa upesi kuliko mtu awezavyo kufumba jicho. Tusidharau kifaa hiki. Kimeokoa maisha ya watu wengi sana, na hatumshauri mtu yeyote kukichomoa. Lakini kimetengenezwa kufanya kazi pamoja na mkanda. Asiyefunga mkanda hurushwa mbele akakutana na mfuko ungali ukifumuka, na pigo hilo laweza kuchubua konea, kutokwisha damu ndani ya jicho, au kuchana retina iliyo nyuma yake. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri dereva aketi angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani.

Hayo ni ya mfuko mzima. Sasa tuutazame mbovu. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa mifuko hiyo duniani, ikiwauzia Honda, Toyota, Nissan, Mazda na wengine wengi. Ili kujaza mifuko yake, ilichagua kemikali iitwayo amonia naitreti, ambayo bei yake ni nafuu. Dosari ya kemikali hiyo ni kwamba ikikaa miaka mingi mahali penye joto na unyevu huharibika. Ikiharibika, huungua kwa nguvu kupita kiasi, na kopo la chuma hupasuka kama bomu. Vipande vya chuma hutoboa mfuko na kumwingia mtu shingoni, usoni na machoni. Katika Marekani peke yake watu zaidi ya 20 wamekufa kwa jambo hilo na mamia wameumizwa, na miongoni mwao wako waliopofuka. Wengine wamekufa katika Malaysia, nchi yenye joto na unyevu kama pwani yetu.

Makopo yaliyotakiwa kurudishwa nchini Marekani ni kiasi cha milioni 67. Haijapata kutokea huko kurudishwa magari kwa wingi kama huo. Mwaka 1917 kampuni za silaha zilijitajirisha kwa vipande vya chuma vilivyoingia katika miili ya askari. Mwaka 2017 kampuni ya vifaa vya usalama ilikubali mbele ya mahakama ya Marekani kwamba iliwadanganya watengenezaji wa magari juu ya matokeo ya majaribio ya vifaa vyake. Ilitozwa dola bilioni moja, na mwaka huo huo ikafilisika. Watu waliofanya kazi ya kupima walijua. Karatasi zikasahihishwa ili biashara isisimame.

Sasa tuje nyumbani. Sisi ni wanunuzi wakubwa wa magari yaliyotumika kutoka Japani. Hilo si aibu. Ndiyo namna mfanyakazi wa kima cha kawaida awezavyo kupata gari. Lakini tuangalie jinsi kazi ya kurudisha magari inavyofanywa. Mtengenezaji agunduapo kasoro humwandikia barua mwenye gari aliyeandikishwa. Gari likiwa bado Osaka, barua itafika Osaka. Gari likishauzwa, likavuka bahari na kushushwa bandarini Dar es Salaam, barua haitalifuata mpaka Mbagala au Tanga. Gari hubadili nchi, hubadili nambari, hubadili mwenyewe mara tatu na nne. Kopo halibadiliki. Limekaa ndani ya usukani, na kila mwaka wa jua na unyevu wa pwani huiongezea kemikali ile uharibifu.

Zaidi ya hayo, iko desturi ya kuchomoa usukani mzima, pamoja na mfuko wake, katika gari bovu na kuufunga katika gari jingine. Mnunuzi hutazama ngozi ya usukani kama haijachakaa. Ni nani atazamaye umri wa kopo?

Twasema mambo matatu. Kwanza, kila gari lina nambari ya chesi, na kwa nambari hiyo mtengenezaji au wakala wake aweza kueleza kama gari limo katika orodha ya yanayotakiwa kurudishwa. Orodha hizo zapatikana pia katika mtandao. Mwenye gari la Kijapani la miaka ya 2000 na hata ya 2010 asilale kabla hajauliza. Pili, tunaomba nambari hizo zilinganishwe na orodha za watengenezaji kabla gari halijaruhusiwa kutoka bandarini, na iwe desturi isiyovunjwa. Tatu, mawakala wa viwanda wakubali kubadilisha makopo mabovu bila ya malipo hata kama gari halikununuliwa dukani mwao. Kiwanda kilichouza gari kimepata fedha yake. Jicho la mwananchi wa Tanga halina thamani pungufu kuliko jicho la mwananchi wa Osaka.

Jicho likishaumia

Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi, na ukuta wake hauzidi unene wa milimita moja. Ndani yake mna maji na ute ambao, ukishamwagika, haurudishwi. Kwa hiyo yafanywayo katika nusu saa ya kwanza ndiyo yaamuayo mengi. Mara nyingi mtu huumizwa mara mbili: kwanza na gari, kisha na mikono ya wasamaria wema.

Jicho lililotobolewa au kuchanwa lisisuguliwe, lisibonyezwe, lisioshwe. Kitu kilichochomeka ndani kisichomolewe, hata kama kinaonekana na kinashikika. Kazi hiyo ni ya daktari. Jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, mathalani kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, kikashikizwa kwa plasta juu ya mifupa ya paji na shavu. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Asitiwe maziwa, asali, wala dawa ya majani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Likiingiwa na maji ya betri, au na vumbi la mfuko wa hewa, mambo ni kinyume. Maji ya betri ni asidi, na vumbi la mifuko mingine lina ukali wa magadi. Hapo jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda usiopungua robo saa, ndipo safari ya hospitali ianze.

Tena, mtu asijidanganye kwa kuwa anaona. Pigo la ngumi ya usukani laweza kuchana retina, na retina ikabanduka baada ya wiki au miezi. Anayeona cheche za mwanga, madoa mengi yanayoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia, asingoje. Na wako watu wachache ambao jicho moja lilitobolewa, kisha mwili ukaligeukia lile zima na kulishambulia. Inaaminiwa kwamba ndivyo alivyopofuka Louis Braille, Mfaransa aliyewapa wasioona maandishi ya nukta: alijichoma jicho moja kwa chombo cha baba yake akiwa na miaka mitatu, na alipofika mitano hakuona kwa jicho lolote. Ndiyo sababu daktari husema jicho lililotobolewa lazima lionwe mapema, hata kama lenyewe halina tumaini.

Wataalamu tunao. Muhimbili na CCBRT hapa Dar es Salaam, KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza hutibu macho, na KCMC kwa miaka mingi imewafunza madaktari wa macho wa nchi hii na za jirani. Lakini hata daktari hodari hawezi kuunda jicho. Aweza kushona kilichobaki tu.

Wajibu wetu

Mfanyakazi aliyeumia kazini analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na yampasa adai haki yake bila kuona haya. Bali fidia hailipi kila kitu. Dereva mwenye jicho moja hupata taabu kupima umbali wa gari linalomjia. Mwashi hukosa tofali, fundi cherehani hukosa tundu la sindano. Familia iliyokula kwa macho mawili huanza kula kwa moja.

Kwa hiyo kila mtu na ashike sehemu yake. Dereva afunge mkanda kabla ya kuwasha moto, na asiondoe gari mpaka abiria wake wamefunga. Asipange sanamu, chupa wala vyuma juu ya dashibodi, maana gari likisimama ghafula vitu hivyo haviwezi kusimama. Mwenye daladala avivishe sponji na ngozi vyuma vya viti vilivyo mbele ya nyuso za abiria, na aweke mikanda mahali isipokuwapo. Mwenye gari abadili kioo cha mbele kilichopasuka, na akibadilipo adai kioo cha utando. Alama yake huandikwa pembeni mwa kioo chenyewe. Fundi akatae kufunga kioo cha dirisha la nyumba au mfuko asioujua umri wake, hata akiahidiwa fedha. Mwendesha bodaboda avae kofia ngumu yenye kioo cha uso kilichoshushwa, na ampe abiria wake nyingine iliyo sawa na yake. Matawi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi yawakaribishe waganga wa macho na askari wa usalama barabarani wazungumze na wanachama katika mikutano yao ya kawaida. Saa moja yatosha.

Hatukuandika haya kwa kuwatisha watu wasipande magari. Nchi yetu ni kubwa, na bila magari pamba haifiki ginari wala mgonjwa hafiki hospitali. Tumeandika kwa sababu katika mifano yote mitatu kinga ilikuwapo, ila ilicheleweshwa na watu waliohesabu gharama za kioo, za usukani na za kopo bila kuhesabu gharama za jicho. Hesabu hiyo na tuifanye sisi, kabla ya safari ya kesho asubuhi.